Kusikia maneno ya filamu vizuri sebuleni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu wa Dar es Salaam ambaye spika ameshafunga, mlipuko wa bomu anausikia mpaka kifuani, lakini waigizaji wakianza kuzungumza anabaki kumuuliza wa pembeni, "Kasemaje?" Ninafunga na kurekebisha mifumo ya sauti majumbani, na hili ndilo lalamiko ninalolipokea kuliko jingine lolote. Majibu yanafuata mpangilio wa kazi yenyewe: yasiyogharimu kitu kwanza, ya kununua baadaye. Msimamo wangu nautanguliza: katika nyumba nyingi maneno yapo ya kutosha, ila yamefunikwa. Shughulika na kinachoyafunika kabla hujaenda dukani.

Kwa nini milio iko juu namna hii halafu maneno hayasikiki?

Sauti ya filamu nyingi huchanganywa kwa ajili ya ukumbi wa sinema. Kipimo cha huko ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa spika ya mbele, vilele vikifika 105, na chaneli ya besi ikiruhusiwa kufika 115. Ukumbi wenyewe umetulia na kuta zake zimevikwa vitambaa vizito. Wewe huku Sinza au Tabata unasikiliza chini sana ya hapo, maana watoto wamelala na jirani mmepakana ukuta. Ukishusha sauti yote kwa pamoja, mlipuko unashuka na bado unasikika, ila mnong'ono unashuka na kuzama chini ya mlio wa feni. Unapandisha, dakika moja baadaye risasi zinaanza, unakimbilia rimoti kushusha. Usiku mzima ni hivyo.

Jambo la pili liko ndani ya maneno yenyewe. Irabu ndizo zenye nguvu ya sauti, na nguvu hiyo nyingi iko chini ya Hz 1000 (Hz ni mitetemo ya sauti kwa sekunde, ndiyo masafa yake: namba ndogo ni sauti nzito, kubwa ni nyembamba). Konsonanti ni dhaifu, na zile kali kama s, f, sh, t na k zinakaa juu, kati ya Hz 2000 na 8000 hivi. Lakini konsonanti ndizo zinazotofautisha neno na neno. Zikifunikwa, paka, taka, saka na shaka zote zinabaki "aka". Ndiyo maana unaweza kusikia kabisa kwamba mtu anazungumza, hata ukajua ni nani na amekasirika, na usiambulie alichosema. Simu za zamani za waya zilipitisha Hz 300 hadi 3400 tu na watu wakaelewana vizuri. Besi nzito ilikuwa haipiti kabisa, na hakuna aliyeikosa katika mazungumzo. Eneo hilo la katikati ndilo la kulinda katika kila jibu linalofuata.

Spika ya kati ina kazi gani hasa?

Katika sauti ya 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, ambayo Dolby Digital iliingia nayo kwenye kumbi za sinema mwaka 1992, sehemu kubwa ya mazungumzo hupelekwa kwenye chaneli ya kati. Za kushoto na kulia hubeba zaidi muziki na milio, za nyuma hubeba mazingira, sabufa hubeba mtikisiko. Kwa hiyo spika moja ndogo iliyolala chini ya TV ndiyo inayobeba hadithi nzima. Inasikitisha kwamba ndiyo hiyo hiyo ambayo watu huifunga mwisho, kwa waya uliobaki, mahali palipobaki.

Niiweke wapi?

Nianze na mahali ninapoikuta mara nyingi: ndani ya kabati la TV, imesukumwa hadi nyuma, pembeni kuna king'amuzi, juu yake rimoti na bili za maji. Kabati limetengenezwa Keko, mbao nzuri, na lile tundu ilimowekwa spika lina mwitikio wake lenyewe. Sauti nzito ya mwanamume inagonga kuta za tundu na kuvimba, unamsikia kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Ukingo wa mbele wa rafu nao unarudisha sauti inayokwenda juu na kuichanganya na inayokuja kwako.

Ivute mpaka uso wake ulingane na ukingo wa kabati, au utokeze kidogo. Kama kabati linaruhusu, itoe kabisa uiweke juu, chini tu ya TV. Nafasi iliyobaki nyuma na pembeni jaza sponji au taulo nene, lakini usizibe tundu la hewa la spika kama liko nyuma.

Kisha ielekeze masikioni. Spika nyingi za kati ziko kwenye usawa wa goti, na sauti nyembamba, ile ya konsonanti, husafiri kwa kulenga zaidi kuliko besi. Ikiwa inapiga magoti, magoti ndiyo yanayosikia. Inua upande wa mbele kwa kipande cha mpira au kandambili iliyokatwa, hadi ukiinama na kutazama juu ya kasha lake uone linaelekea kichwa cha aliyekaa. Kwa dakika tano za kazi, sijui rekebisho jingine linalolipa hivi.

Bado kuna suala la sofa ya umbo la L. Spika za kati zilizolala, zenye koni mbili kubwa na ndogo katikati, zina udhaifu unaojulikana: ukikaa pembeni, sauti za koni mbili zinakufikia kwa nyakati tofauti kidogo na kufutana katika sehemu ya masafa ya maneno. Aliyekaa mbele anasikia vizuri, shangazi aliyekaa kwenye mkono wa sofa hasikii, na mnaanza kubishana. Wote mko sahihi. Mpe anayesikia kwa shida nafasi ya katikati.

Nipandishe spika ya kati kiasi gani?

Sawazisha kwanza, pandisha baadaye. Amplifaya nyingi za 5.1 zina mlio wa majaribio unaozunguka spika moja moja. Kaa unapokaa siku zote, pakua kwenye simu programu ya kupima desibeli, ishike usawa wa masikio, na hakikisha kila spika inasoma namba ile ile. Mafundi wengi hutumia 75. Simu inaweza kukosea namba yenyewe, lakini inalinganisha spika na spika vizuri, na kulinganisha ndiko unakokutaka. Zima feni wakati wa kupima.

Baada ya hapo ongeza spika ya kati desibeli 2 au 3. Ukiona unahitaji 6 au zaidi, tatizo liko kwingine: mahali ilipo, waya, au chumba.

Weka pia umbali wa kila spika kwa kuupima kwa futi kamba, usikisie. Sauti huchukua takriban milisekunde 3 kwa kila mita, na amplifaya hutumia umbali huo kuzifanya spika zote zikufikie pamoja.

Sabufa yangu ni nzuri, ya nini kuigusa?

Kwa sababu besi hufunika sauti zilizo juu yake. Sikio limeumbwa hivyo: mlio mzito wenye nguvu huficha milio myembamba, na kinyume chake hakitokei kwa kiwango hicho. Dar tunapenda besi, na mimi ni mmojawapo, ila sabufa iliyofunguliwa kwa ajili ya singeli haifai kubaki hapo hapo kwa tamthilia.

Fanya hivi. Izime kabisa, weka mazungumzo ya watu wawili, sikiliza dakika chache. Kisha iwashe na uipandishe polepole. Maneno yakianza kuvimba, rudi nyuma kidogo, hapo ndipo pake. Kama imekaa pembeni kabisa ya chumba, isogeze nusu mita kutoka kila ukuta, maana kona huiongezea nguvu ambayo hukuiomba. Na kwenye setingi za amplifaya, mpaka ambao sauti za chini yake huachiwa sabufa ("Crossover") uweke Hz 80, ambao ndio uliozoeleka. Spika ndogo za kwenye boksi zinaweza kuhitaji 100 au 120. Usipande zaidi ya hapo: sauti za wanaume zitaanza kutokea kwenye sabufa, na utasikia mtu anaongea kutoka pembeni ya kochi.

Sebule yetu ina marumaru, ukuta wa tofali na madirisha makubwa ya vioo. Inahusika?

Sana. Ningesema katika nyumba mpya za Dar hili ndilo tatizo la kwanza, kuliko spika.

Simama katikati ya sebule upige kofi moja kali. Ukisikia mkia wa sauti unaolia baada ya kofi, huo ndio unaokula maneno yako. Silabi moja katika mazungumzo huchukua takriban sehemu ya tano ya sekunde. Chumba cha marumaru, saruji na kioo kinaweza kubaki na sauti hewani kwa sekunde nzima. Maana yake irabu yenye nguvu ya silabi iliyopita bado inazunguka wakati konsonanti dhaifu ya silabi inayofuata inafika. Kupandisha sauti hakusaidii, kwa kuwa mwangwi unapanda nayo sawia.

Dawa ni vitu laini na vinene, vikiwekwa mahali sauti inapodunda kwanza. Sakafu iliyo kati ya spika na kochi ndiyo ya kwanza: zulia nene, si mkeka wa plastiki. Meza ya kioo mbele ya kochi ni kioo cha kurudishia sauti, isogeze au itandike kitambaa kizito wakati wa filamu. Kwa ukuta wa pembeni kuna mbinu ya kioo: mtu mmoja akae kwenye kochi, mwingine atelezeshe kioo cha kujitazamia ukutani, pale aliyekaa anapoiona spika ndani ya kioo, hapo ndipo sauti inapodunda. Weka rafu iliyojaa vitabu hapo, au pazia zito, au fremu ya sponji. Mapazia ya Kariakoo yapo ya kila aina. Chagua zito, na kitambaa kiwe na upana mara mbili ya dirisha ili kijikunje.

Unene una maana. Wimbi la Hz 4000 lina urefu wa sentimita 9 hivi, la Hz 500 linakaribia sentimita 70. Pazia jepesi la dirishani linanyonya kidogo tu juu kabisa, kule zilikokaa konsonanti, na kuuacha mvumo wa chini kama ulivyo. Ukinunua sponji ya godoro, chukua ya sentimita 10, na iache nafasi kidogo nyuma yake kabla ya ukuta. Sponji hushika moto haraka, kwa hiyo ikae mbali na soketi, mishumaa na udi.

Nyumba iliyopangishwa, huruhusiwi kutoboa ukuta? Zulia, mapazia, na kochi la kitambaa badala ya ngozi vinafanya sehemu kubwa ya kazi bila msumari hata mmoja. Kochi lenyewe livute kutoka ukuta wa nyuma, hata nusu mita, ili mdundo wa kisogoni upungue.

Na trei za mayai?

Hapana. Ni karatasi nyembamba. Zinanyonya kidogo sana, tena katika kipande chembamba cha masafa, na baada ya mwaka zinafuga vumbi na mende. Najua studio nyingi za mtaani zimezibandika. Uzuri wa kazi zao unatokana na wanaorekodi.

Feni na kiyoyozi vinaharibu kiasi gani?

Kwa usikivu mzuri madarasani wataalamu hupendekeza sauti ya mwalimu izidi kelele ya chumba kwa desibeli 15. Tumia kipimo hicho hicho nyumbani. Feni ya darini kwenye namba 5 ina mvumo unaoenea hadi kwenye masafa ya konsonanti. Ishushe hadi 2 na usogeze ya kusimama karibu na miguu ya watu, mbali na spika. Kiyoyozi washa nusu saa kabla ya filamu, chumba kipoe, kisha kipunguze kasi. Madirisha ya vioo vya luva hayazibi vizuri hata yakifungwa, na bodaboda akipita unamsikia mzima mzima. Kwa joto la Januari sitamshauri mtu afunge madirisha bila kiyoyozi. Hapo kaa karibu zaidi na spika. Kusogeza kochi kutoka mita 4 hadi 3 kunaongeza sauti inayokuja moja kwa moja kwako bila kuongeza mwangwi.

Kitufe cha "Night" kwenye rimoti ni cha nini? Na vile vya "Hall" na "Stadium"?

"Night" hupunguza pengo kati ya sauti ndogo na kubwa: mnong'ono unapanda, mlipuko unashuka. Kitumie bila aibu, hasa baada ya saa nne usiku. Vya kuimarisha mazungumzo, ambavyo kila kampuni huviita jina lake, vijaribu katika kiwango cha chini. Vikizidi, sauti inakuwa kali na yenye mikwaruzo.

"Hall", "Stadium" na ndugu zao huongeza mwangwi wa bandia juu ya mwangwi ulio nao. Zima. Zima pia ile hali ya kupiga spika zote sawa, inayopendwa kwenye sherehe. Inapeleka maneno hadi spika za nyuma, yanakufikia kwa nyakati tofauti, yanafifia.

Muziki nausikia vizuri, maneno hayapo kabisa!

Hili ni kosa la muunganisho, na lina sababu mbili za kawaida.

Ya kwanza: faili lako lina sauti ya 5.1, lakini unasikilizia spika mbili, na kinachocheza kinadhani una sita. Maneno yanapelekwa kwenye spika ya kati isiyokuwepo. Ingia kwenye setingi za sauti za TV, kompyuta au programu ya kuchezea, chagua stirio.

Ya pili huwashangaza watu: pini ya milimita 3.5, ile ya hedifoni, haijaingia hadi mwisho au waya wake wa ndani umekatika. Mguso wa pamoja, ule unaotumiwa na kushoto na kulia, ukikosekana, unabaki kusikia tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Maneno, ambayo yako sawa pande zote mbili, yanajifuta. Sukuma pini mpaka isikike imekaa, au badilisha waya. Nimeona watu wakiuza sabufa nzima kwa sababu ya waya huo.

Maneno yapo, ila yanasikika matupu na hayana mahali.

Angalia chanya na hasi. Kama kwenye spika ya kushoto umebadilisha nyekundu na nyeusi, na ya kulia hukubadilisha, koni moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Kilichokuwa kisimame katikati kinatawanyika, na besi inapungua.

Kuhakiki ni rahisi. Zima amplifaya, chomoa waya wa spika upande wa amplifaya, chukua betri ndogo ya rimoti ya volti 1.5. Gusisha chanya ya betri kwenye waya unaokwenda kwenye nyekundu ya spika, hasi kwenye mwingine, kwa sekunde moja tu. Koni kubwa ikiruka mbele, waya uko sawa. Ikirudi nyuma, umegeuzwa. Rudia kwa kila spika. Fanya hivi kwa spika zisizo na amplifaya ndani yake tu.

Mbona 5.1 yangu ina tundu jekundu na jeupe tu kwa nyuma?

Basi inapokea chaneli mbili, na ya kati inatengenezwa humo ndani kwa kuchanganya kushoto na kulia. Haitakupa maneno yaliyotengwa na muziki. Ukitaka 5.1 yenyewe, ingizo liwe HDMI au la mwanga ("Optical"). Waya wa mwanga hubeba Dolby Digital ya 5.1 bila tabu. Kwa HDMI tafuta tundu la TV lililoandikwa ARC, utaratibu ulioanza na HDMI 1.4 mwaka 2009, na unganisha na tundu lenye neno hilo hilo kwenye amplifaya. Halafu usiishie hapo: kwenye TV na kwenye king'amuzi, setingi ya sauti ya kutoka ikiwa "PCM", mara nyingi utapata stirio tu. Chagua "Auto" au "Bitstream". Nyumba nyingi zina vifaa vizuri vilivyokwama kwenye setingi hiyo tangu siku ya kutolewa kwenye boksi.

Filamu zilizotafsiriwa na zile za Bongo Muvi, mbona hazibadiliki hata nikifanya yote haya?

Katika zilizotafsiriwa, sauti ya msimulizi imerekodiwa juu ya filamu ikiwa imekamilika, na faili hutoka ikiwa stirio. Hakuna chaneli ya kati ya kupandisha. Ila msimulizi huwa katikati, sawa kushoto na kulia, kwa hiyo hali kama Dolby Pro Logic II au Dolby Surround kwenye amplifaya itamtoa na kumpeleka spika ya kati. Iwashe hapo.

Kwa filamu za nyumbani, nyingine zimerekodiwa kwa maikrofoni ya kamera yenyewe, mbali na mwigizaji, na upepo wa Kigamboni umo ndani. Kilichokosekana siku ya kurekodi hakiwezi kurudishwa na spika. Punguza besi, ongeza kidogo eneo la Hz 2000 hadi 4000 kama una vidhibiti vyake, na uridhike. Ninazitazama sana na nazipenda. Natamani watayarishaji watoe kwa maikrofoni uzito ule ule wanaoutoa kwa kamera.

Kwenye mechi ya Simba na Yanga, mtangazaji anamezwa na mashabiki.

Dawa ni ile ile ya stirio: washa hali ya kumtoa wa katikati, pandisha spika ya kati desibeli 3, za nyuma zishushe. Mashabiki wametawanyika pande zote, mtangazaji kasimama katikati, na hapo una nafasi ya kuwatenganisha.

Kwa nini Netflix iko chini kuliko king'amuzi?

Vipimo ni tofauti. Netflix huwataka watengenezaji waweke mazungumzo kwenye LKFS -27 (LKFS ni kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti, namba ikiwa chini zaidi ya sifuri sauti ni ndogo zaidi). Watangazaji wengi wa Ulaya hufuata -23 kwa kipindi kizima. Pandisha tu, hakuna kilichoharibika. Kama una spika mbili, kwenye orodha ya sauti chagua isiyo na alama ya 5.1.

Midomo na sauti haviendi pamoja.

TV inachelewesha picha ikiichakata, sauti inatangulia. Watu huanza kugundua sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 hivi, ila ikichelewa huvumilia hadi kama 125. Weka TV kwenye hali ya mchezo ("Game"), au ongeza ucheleweshaji wa sauti kwenye amplifaya hadi midomo ifungane na herufi p na b. Hili linahusu uelewa pia, maana sote husoma midomo kidogo bila kujijua.

Nina bajeti. Ninunue saundibaa au 5.1? Na hizi wati elfu kumi?

Namba za PMPO zilizoandikwa kwenye boksi hazina kipimo rasmi nyuma yake, zipite. Tafuta wati za RMS, yaani nguvu inayoweza kutolewa mfululizo. Kumbuka kuongeza desibeli 3 kunahitaji nguvu maradufu, kwa hiyo wati 50 na wati 60 hutazitofautisha kwa sikio.

Kwa sebule ndogo, saundibaa (kasha moja refu la spika la kuweka chini ya TV) ya 3.1 yenye chaneli yake ya kati itakupa maneno safi kuliko 5.1 ya boksi yenye spika tano dhaifu zilizotapakaa. Jifunze kusoma namba: 2.1 haina ya kati. Kwa mwenye nafasi, nunua amplifaya yenye HDMI na spika tatu za mbele za kampuni moja na familia moja. Za nyuma zitafuata mwakani. Spika mbili nzuri, na wewe umekaa katikati kabisa, nazo zinatosha kwa mtu mmoja au wawili.

Ukienda Kariakoo, beba flashi yenye kipande cha mazungumzo ya lugha unayoielewa, watu wawili wanaoongea polepole, bila muziki. Muuzaji atakuwekea wimbo wenye besi. Mwombe aweke chako, kwa sauti ya chini, huku mtaa ukipiga kelele nje. Spika itakayokufikishia maneno hapo, nyumbani itafanya vizuri zaidi.

Waya nao: shaba halisi ya milimita za mraba 1.5 inatosha kwa sebule, 2.5 kwa umbali mrefu. Kwangua ncha kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba.

Babu analalamika peke yake, sisi wote tunasikia.

Msimbishie. Usikivu wa masafa ya juu hupungua na umri, na kule ndiko konsonanti ziliko. Mkalisheni katikati na karibu, washeni maandishi ya chini, na mpelekeni kupimwa. Muhimbili kuna idara ya masikio, pua na koo, na wakati mwingine tatizo ni nta tu. Kama ana kifaa cha usikivu, kuna TV zinazopeleka sauti kwa Bluetooth kwake huku spika zikiendelea kwa wengine.

Spika ilikuwa nzuri, sasa ina mkwaruzo.

Karibu na bahari, Msasani au Mbezi Beach, ncha za waya huota ukijani. Kata sentimita mbili, menya upya, kaza. Angalia pia mpira unaozunguka koni. Wa sponji huoza kwa joto na unyevu, na fundi anaweza kuubadilisha bila kununua spika mpya. Mvumo wa chini usiokoma hata bila filamu ni wa umeme wa Hz 50 na mara nyingi unaingia kupitia waya wa dishi: uchomoe kwenye king'amuzi, ukinyamaza umempata mkosaji. Umeme ukipanda na kushuka, stabilaiza ni bei nafuu kuliko amplifaya.

Masika, mvua inapiga bati, hatusikii chochote.

Washa maandishi ya chini. Silingi bodi yenye pamba ya kuzuia sauti juu yake itapunguza, lakini kwa mvua ya Aprili juu ya bati tupu, hakuna setingi ya spika itakayoshinda.